Shangazi wa Gesti Anajibu: Pesa za kazi na pesa za urithi

Barua za mwezi huu karibu zote ni za ndugu waliogombana juu ya wageni. Nimezifupisha, majina nimeyatoa, na pale mtu alipomtukana shemeji yake kurasa mbili nzima nimeacha mstari mmoja tu, unatosha.

Shikamoo shangazi. Marehemu baba alijenga vyumba vitano Jambiani, ufukweni, kwenye kiwanja alichoachiwa na babu. Ametuacha mama, kaka zangu wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Gesti naiendesha mimi tangu baba alipoanza kuugua. Naamka kabla ya adhana kukanda chapati za wageni, nalala mgeni wa mwisho akishafika kutoka uwanja wa ndege. Kaka mkubwa yuko Dar. Mwezi wa nane anakuja, anafungua mtoto wa meza, anachukua anachokikuta, anasema "mimi ndiye mrithi mkubwa". Mwaka huu ameniuliza mbele ya watu: vyumba vimejaa mwezi mzima, pesa ziko wapi? Mdogo wangu naye ameolewa Makunduchi, anadai hajaona hata senti. Na ami yetu anasema tuuze kwa Mtaliano, tugawane, tumalize. Mimi nimechoka. Nifanyeje?
*Binti wa Jambiani*

Marahaba mwanangu. Kwanza hilo neno la kaka yako, "mrithi mkubwa". Ni kweli fungu lake ni kubwa kuliko lako. Lakini fungu la urithi ni la mali, na zile chapati hazimo kwenye mali aliyoiacha marehemu. Chapati ni zako. Nyinyi mmezichanganya pesa za aina mbili ndani ya mtoto wa meza mmoja: za mwenye kufanya kazi na za mwenye kumiliki. Kaka anaona zote ni za urithi. Wewe, nadhani, kwa uchungu ulionao unaona zote ni za jasho lako. Hakuna kati yenu atakayemshinda mwenzake kwa maneno mpaka zitenganishwe.

Tuanze na umiliki, maana huo haubishaniwi. Ukishatoa gharama za mazishi, madeni ya marehemu, na wasia kama aliuacha (nao hauzidi thuluthi), mama yenu ana thumni yake, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Kwa familia yenu, ikiwa wazazi wa marehemu hawakuwa hai, mali inagawanywa mafungu 48: mama 6, kila kaka 14, wewe 7 na mdogo wako 7. Kama bibi au babu mzaa baba alikuwa hai siku ile, ana sudusi yake, moja ya sita, na hesabu inabadilika. Msifanye wenyewe barazani. Nendeni Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mpate karatasi yenye muhuri. Familia nyingi za ufukweni hazina karatasi hiyo, ndiyo maana kila mwezi wa nane kuna mtu anayefungua mtoto wa meza.

Sasa kazi. Nitakupigia hesabu ya mwezi mmoja. Tarakimu ni za mfano, wewe utaweka zako. Naandika kwa shilingi kwa makusudi, kwa sababu kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinataka bei za hapa nchini zitajwe kwa shilingi, na ile karatasi ya dola uliyoibandika ukutani, kama ungali nayo, ibandue.

Vyumba vitano, usiku 25, laki moja kila chumba: milioni 12 na laki 5. Hiyo ndiyo pesa anayoiona kaka yako akiwa Dar, anaipiga kwenye simu yake na kukuuliza iko wapi. Mtandao wa kubukia vyumba ukikata asilimia 15, imeondoka 1,875,000. Mayai, unga, matunda, gesi, umeme wa tukuza (wa kulipia kabla), maji ya gari kisima kikikauka, dobi, intaneti, tuseme 2,800,000. Mpishi msaidizi, msafishaji na mlinzi, 1,200,000. Kodi na leseni usisubiri zije, zitenge mwezi huohuo, 1,300,000. Zimebaki 5,325,000.

Hapo ndipo unapoingia wewe. Meneja wa gesti ya vyumba vitano angelipwa ngapi kama angekuwa mtu baki kutoka Paje? Ulizeni majirani watatu mchukue katikati. Tuseme 800,000. Hizo unazilipwa kabla ya mrithi yeyote kunyoosha mkono, na unasaini kama mpishi anavyosaini. Zimebaki 4,525,000.

Bado hatugawi. Paa la makuti linataka kubadilishwa, pampu inaliwa na chumvi, magodoro yana umri wake. Na masika inakuja: Aprili na Mei utakaa na vyumba vitupu, mlinzi bado anataka mshahara. Weka 2,125,000 pembeni. Ndugu zako watapiga kelele hapa kuliko pengine popote. Wakumbushe 2020. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni moja na nusu, mwaka uliofuata wakashuka hadi kama laki sita na ishirini elfu. Pwani yako nzima ya kusini-mashariki ilikuwa kimya, na waliokuwa wamegawana kila kilichoingia waliuza majokofu.

Sasa zimebaki 2,400,000 za kugawa. Fungu moja katika 48 ni 50,000. Mama 300,000. Kila kaka 700,000. Wewe 350,000, mdogo wako 350,000. Ukijumlisha na mshahara wako, umeondoka na 1,150,000. Kaka mwenye fungu kubwa ana 700,000 na hajaosha shuka hata moja. Kila mtu kapata haki yake, na mkisoma karatasi hiyo pamoja, hilo swali la "pesa ziko wapi" limekwisha. Huo ulikuwa mwezi wa nane. Mwezi wa tano mgao utakuwa sifuri, nao uandikwe hivyohivyo: sifuri. Mshahara wako wa mwezi huo unatoka kwenye akiba.

Yako mambo mengine matatu ambayo hukuyaandika lakini nayanusa. La kwanza, leseni ya Kamisheni ya Utalii bila shaka ingali kwa jina la marehemu. Ibadilisheni, na biashara yenyewe isajilini BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar, kama kampuni yenye hisa zinazolingana na mafungu ya mirathi. La pili, ile akaunti ya mtandao ilifunguliwa kwa barua pepe ya nani? Nimeona gesti ambapo dada anapika, malipo yanaingia benki ya kaka, na nywila anaijua mtoto wa kaka. Malipo yaingie akaunti ya kampuni yenye saini mbili, yako na ya mmoja wa kaka zako. Ndiyo, ya kaka pia. Ukitaka daftari lako liaminiwe, usiwe peke yako unayelishika. La tatu, ule mtoto wa meza utiwe kufuli. Pesa taslimu inaandikiwa risiti na kupelekwa benki kila Jumatatu. Kaka akija mgeni, apikiwe, alale chumba kizuri kama hakijabukiwa. Kama kimebukiwa, atalala kwa mama.

Kuhusu ami. Ami hayumo katika mafungu ya mirathi, kwa hiyo ushauri wake ni wa mzee tu, mumsikilize kwa adabu. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, nyinyi mna haki ya kuitumia, na mgeni hamilikishwi. Anachoweza kupata ni ukodi kwa taratibu za uwekezaji. Anayewaambia "tuuze kwa Mtaliano, kesho hela mkononi" hajui anachokisema, au anakijua vizuri kuliko anavyowaonyesha. Na hata ukodi hauandikwi bila warithi wote kukubali, mama yenu akiwa wa kwanza. Mwulizeni yeye anataka kuishi wapi. Katika barua yako yote hujamtaja mama kwa jambo lolote ila kwamba aliachwa.

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Muscat. Babu yetu aliacha nyumba ya mawe ya ghorofa mbili Kiponda, Mji Mkongwe. Warithi sasa tumefika kumi na mmoja: Muscat, Dubai, London na hapo Unguja. Ndani anaishi shangazi yetu mkongwe pamoja na wapangaji wawili wa chini. Tumekubaliana kuifanya hoteli ndogo. Binamu mmoja ana fundi aliyesema atapiga plasta ya saruji, atie vyoo vya ndani vyumba vyote vinane, na kufikia Juni tunafungua. Tunaomba ushauri wa haraka.
*Mjukuu wa Kiponda*

Wa alaykum salaam. Ushauri wa haraka ni huu: fundi huyo asiguse ukuta.

Hizo kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizivika saruji, unyevu unabaki ndani, unapanda hadi kwenye boriti. Dari zenu zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba ni urefu wa mti. Mtie vyoo vinane juu ya boriti hizo, kila kimoja na bomba lake linalovuja kidogo ambako hakuna anayeona, halafu ningoje niwaambie kitakachofuata? Nyumba ya Ajabu, iliyojengwa 1883, upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo yaliyogharamiwa na Oman, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Ile ilikuwa na wataalamu. Nyinyi mna fundi wa binamu.

Tafuteni fundi wa chokaa. Wapo, na wanajua kungoja, maana chokaa haina haraka. Vyoo vipangeni kimoja juu ya kingine upande mmoja wa nyumba ili mabomba yashuke pamoja yakionekana, hata ikibidi vyumba viwe vitano badala ya vinane. Na kabla ya ngazi kusimamishwa, kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, huwezi kutoboa dirisha unapotaka. Juni msahau. Mkiweza Juni ya mwaka wa pili yake, mmefanya vizuri.

Lakini tatizo lenu kubwa haliko ukutani. Je, mna hakika nyumba ni ya urithi? Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu na wazee, na wajukuu walioko mbali hawana habari. Wakfu haurithiwi wala hauuzwi. Mtu wenu aliye Unguja aende Kamisheni ya Wakfu akaulize kwa jina la babu na la baba wa babu, kabla hamjachanga hata riali moja.

Ikitoka kuwa ni mirathi safi, hapo mna pesa za aina tatu, moja zaidi ya yule binti wa Jambiani. Kuna mafungu ya urithi. Kuna kazi ya atakayeiendesha. Na kuna mtaji: nyinyi wa Muscat na Dubai ndio mtakaotoa, yule wa Unguja asiye na kitu hatatoa. Mkitia vyote kapu moja, baada ya miaka mitano mwenye kutoa atasema nyumba ni yake, na asiye na kitu atasema mmemdhulumu nyumba ya babu. Ninavyopendelea mimi ni hivi. Nyumba ibaki ya warithi wote kumi na mmoja kwa mafungu yao. Wenye kutaka biashara waunde kampuni, watie mtaji wao humo wapate hisa kwa kadiri ya walichotia. Kampuni iikodi nyumba kwa warithi, tuseme miaka kumi na tano, kodi ilipwe hata mwaka mbaya, na matengenezo yaandikwe nani anayabeba. Basi mrithi aliyeko Unguja anapokea kodi kila mwaka bila kutoa shilingi. Aliyetia mtaji anangoja faida. Meneja analipwa mshahara. Kama meneja ni mjukuu, mjukuu huyo apewe mkataba na siku za likizo, kama mtu mwingine.

Shangazi yenu mkongwe. Nimesoma barua mara ya pili kutafuta mlipomuuliza. Kama nyumba hiyo ilibaki mikononi mwenu baada ya Mapinduzi ya 1964 na ingali imesimama, basi kwa kiasi kikubwa ni kwa sababu yeye hakuondoka. Huyo hahamishiwi "kwa muda" kwenye chumba cha kupanga Kwahani. Chumba chake kiandikwe ndani ya mkataba wa ukodi, ghorofa anayoitaka, mpaka mwisho wa umri wake. Wageni watampenda kuliko mapambo yenu yote ya shaba, lakini msimfanye pambo. Asipotaka kupigwa picha hapigwi.

Shikamoo mama. Sisi ni wa Marangu. Baba amepandisha wageni Kilimanjaro maisha yake yote, sasa tumefungua kampuni ya familia. Wagumu wetu, yaani wabeba mizigo, wengi ni binamu zangu na watoto wa jirani. Wanalalamika kwamba wanalipwa mwisho na mizigo yao ni mizito kuliko ya wengine. Baba anasema ndugu ndiye wa kuvumilia, kampuni bado changa. Mama mnasemaje?
*Kijana wa Mlimani*

Marahaba. Mlima huo mimi nimeuona dirishani mwa ndege tu, kwa hiyo ya njia na hali ya hewa sitayagusa. Ila hili nalijua hata kutoka kisiwani. Mgumu wa nje akibebeshwa kupita kiasi atalalamika getini pa hifadhi, au msimu ujao atakwenda kampuni nyingine. Binamu hawezi, maana jioni atakutana na baba yako msibani au kanisani. Kwa hiyo mzigo unamwangukia yule asiyeweza kusema. Hiyo ndiyo "kuvumilia" anayoisema mzee.

Kilo 20 ni kilo 20, awe binamu au mtu wa Mbeya. Pimeni nyumbani kwenu kabla ya kupima getini. Malipo yaandikwe kwa siku, yalipwe siku moja kwa wote. Tipu ihesabiwe mbele ya wagumu wote mkishuka, mgeni akiwepo, na kila mmoja ajue ameandikiwa ngapi. Wageni wa siku hizi huwauliza wagumu wenyewe wanalipwaje, na jibu la binamu mwenye kinyongo litakwenda mtandaoni haraka kuliko tangazo lenu. Baba yako alipwe kama mwongozaji kiongozi anapopanda, na asipopanda asilipwe siku za mlima. Leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, nayo natumai mnayo kwa jina la kampuni, si kwa jina la rafiki wa baba.

Bi shangazi, mgeni amenivunjia nyota mtandaoni. Ameandika kwamba gesti ni nzuri, kifungua kinywa kizuri, ila "kelele za msikiti alfajiri". Tena akaongeza kuwa nilimficha habari ya bima ya dola 44, akaijua uwanja wa ndege. Mume wangu anataka nimjibu makali. Mkwe anataka tumwandikie mtandao wamfute.
*Mama wa Nungwi*

Mkwe na mume wote wawili wapewe kazi nyingine ya kufanya.

Ya bima mgeni ana haki nusu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje anayekuja Zanzibar anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama ana yake ya kwao. Wewe hukuiweka wala huipati, lakini ungeweza kumwambia. Mtu anapobuku tu, atumiwe ujumbe wenye mambo manne: bima, teksi na bei yake, saa ya kuingia chumbani, na namba yako ya simu. Uandike mara moja, uuhifadhi, uwe unautuma.

Ya msikiti usimwombe radhi wala usimfundishe dini. Jibu lako litasomwa na mgeni ajaye, yeye keshaondoka. Mwandikie hivi: "Ahsante kwa kulala kwetu na kwa kusifu kifungua kinywa. Msikiti wetu uko jirani na adhana ya alfajiri husikika vyumba vya mbele. Wageni wenye usingizi mwepesi tunawapa vyumba vya nyuma wakituambia mapema." Halafu maneno hayohayo kuhusu vyumba vya mbele yaweke kwenye maelezo ya gesti, mahali mtu anapoona kabla ya kulipa. Wako wageni watakaovichagua hivyo vya mbele kwa sababu hiyohiyo.

Na hivyo vyumba vya nyuma, kabla hujavisifu, lala humo usiku mmoja wewe mwenyewe. Nungwi naijua. Jirani yako wa nyuma ana jenereta.